Sura ya Sita: Aliyechagua Resini Nyepesi

Msafara ulikuwa umeshaingia barabara ya Crosstown, na gari la maiti limetangulia na Protas ndani yake. Nyuma yalifuata magari thelathini na moja ya Watanzania, taa zinawaka mchana kweupe, vitambaa vyeusi vimefungwa kwenye vioo vya pembeni. Walikuwa wanampeleka uwanja wa ndege wa Minneapolis, upande wa mizigo. Ndege ya alasiri ingemfikisha Amsterdam, ya pili Kilimanjaro, na kutoka hapo gari mpaka kwao Rombo.

Elihuruma alikuwa wa saba kwenye mstari, ndani ya gari lake la kazi. Huyu mtu alikuwa askari wa upelelezi Tanga miaka kumi na tisa, ndiyo maana watu bado wanamwita Afande. Minnesota alikuwa fundi wa kuziba vioo vya magari vilivyopigwa na mawe. Kazi hiyo aliifanya na Protas miaka minne, karakana moja, Richfield, chupa za resini zilezile. Resini ni gundi majimaji. Unaisukuma ndani ya ufa wa kioo kwa sindano, unaipiga taa ya mionzi, inakuwa ngumu kama kioo chenyewe.

Brigitha, dada yake marehemu, alikaa pembeni yake, koti limefungwa mpaka kidevuni. Alikuwa muuguzi. Tangu asubuhi hakuwa amelia.

"Umeona nini?" akauliza.

"Bado."

"Afande, neno hilo nimelisikia wiki nzima. Polisi bado. Wewe bado. Kaka yangu ndiye peke yake aliyekwisha."

Jumamosi iliyopita, Februari 2006, saa tisa na nusu alasiri, Protas alikuwa peke yake, anakwangua theluji mbele ya karakana. Gari likamkumba. Mama mmoja wa ng'ambo ya barabara aliona kwa dirisha gari la rangi ya fedha likisimama kidogo, halafu likiondoka. Basi. Namba hakuiona.

Jumatatu Elihuruma alifukua lile tuta la theluji lililosukumwa na gari la manispaa, akalikuta beleshi la Protas chini yake. Pembe moja ya bati ilikuwa imekunjika, na kwenye mkunjo kulikuwa na unga mweupe usioyeyuka. Alikisugua kidole kwenye unga ule, kikakwaruzika. Kioo. Protas aliinua beleshi gari likiwa juu yake, na beleshi likagonga kioo cha mbele. Polisi walilipiga picha, wakasema watapiga simu.

"Mwenyekiti wa msiba ameshaandika wasifu wa marehemu," Brigitha akasema. "Utasomwa kaburini Jumatatu. Ameandika, 'aligongwa na gari lisilojulikana.' Nimemsomea baba kwenye simu. Unajua kasema nini? Kasema hilo halisomwi mbele yake. Kasema, 'Namfukia mwanangu na jina la aliyemuua, la sivyo jeneza litakaa sebuleni mpaka linuke.'"

"Nimekusikia."

"Jina lenyewe si mnalijua wote? Hemed. Walikunjana mashati harusini mwezi wa kumi na mbili, watu wote wanaangalia. Gari lake rangi gani? Fedha. Mnangoja nini?"

Elihuruma alikuwa anatazama kwenye kioo cha nyuma.

Aliutaka msafara huu. Mtanzania wa Minnesota anaweza kukosa kazini, anaweza kukosa kanisani, lakini kusindikiza maiti hakosi. Ukikosa utaulizwa mpaka siku yako wewe. Na ukija kwa lifti utaulizwa gari lako liko wapi. Aliyemuua Protas, kama ni mtu wa kwao, asingeweza kulificha gari lake leo. Ilibidi alilete, alifunge kitambaa cheusi, alipange mstarini.

Kwenye lango la mizigo watu walishuka. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Padri alisali haraka kwa sababu midomo ilikuwa inakufa ganzi, kisha Gasto, mwenyekiti wa kamati ya msiba, akashukuru watu. Gasto alikuwa mhandisi wa kampuni moja ya Eden Prairie, mtu wa sauti nzuri. Wakati anashukuru, Elihuruma alitembea katikati ya magari akijifanya anapasha miguu moto. Magari ya rangi ya fedha yalikuwa sita. Manne yalikuwa na vioo vizima. Mawili yalikuwa na vidonda. Kidonda ndilo jina ambalo yeye na Protas walilipa jeraha la kioo.

La kwanza lilikuwa teksi ya Hemed, ufa mrefu kutoka kona ya chini. Hemed alimkuta ameinama.

"Afande, mbona unanichunguza kama kuku wa sokoni? Nigeuze basi unipime mapaja."

"Umenunua resini wewe?"

"Nimenunua. Dhambi?"

La pili lilikuwa Toyota ya Gasto. Kidonda kilikuwa cha duara, ukubwa wa sarafu, upande wa abiria. Kilikuwa kimezibwa, lakini ndani yake kulikuwa na povu la hewa. Mwenyekiti alikuja akivaa glavu.

"Kajiwe tu hako, Afande. Lori la kokoto, mwezi wa kumi na moja. Duka moja la Woodbury walishanizibia."

"Wamekudanganya hao, mwenyekiti. Baridi hii na hita yako, siku mbili tu ufa unafika kwenye paa. Niletee kesho saa nne karakana. Bure."

"Aa, usijisumbue na msiba huu."

"Mwenyekiti, cha bure unakikataa?" mama mmoja akadakia, na wawili watatu wakacheka cheko la msibani, la kuziba mdomo. Gasto akatazama watu, akatazama kioo chake.

"Haya. Saa nne."

*

Duka la vifaa lilikuwa University Avenue, Saint Paul. Mwenye kaunta alikuwa Nkatha, Mmeru wa Kenya, ambaye mafundi wote wa vioo walimheshimu kwa sababu alikuwa hakuuzii kitu usichokihitaji.

"Mzee, pole sana. Protas, wueh! Nimelia hadi macho imefura. Unataka nini leo?"

"Nataka kujua nani kanunua vitu vya kuziba kioo tangu Jumamosi ile. Mafundi waache. Nataka wengine."

Nkatha aliweka kikombe chini. "Hemed, Tuesday. Chupa moja ya nyepesi, ile thin kabisa, na msumari wa drili."

"Na Jumamosi yenyewe?"

"Jumamosi... eh, kuna jamaa alikam nikikaribia kufunga. Alitaka ile kit ya kujifanyia, ya sindano ya plastiki. Nikamuuliza, crack yako iko aje? Akasema ni ya round, kama coin. Nikamwambia basi chukua resini ya kati. Akakataa. Akataka ile nyepesi zaidi, ati inaingia kila mahali. Nikamwambia, bro, kwa round hiyo itatiririka yote iache hewa. Akasema nimpe tu. Film ya kufunika pia alikataa. Hakutaka risiti."

"Sura yake?"

"Sura gani? Kofia hadi hapa, skafu hadi hapa. Winter watu wote ni ninja. Lakini ni mtu wa kwetu, mweusi. Aliongea Kizungu tu, halafu simu yake ikalia, akashika kwa Kiswahili. Kiswahili yenu ile ya kuimbaimba, ya Tanzania."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Niko kwenye msiba, nitachelewa.' Nikamwambia pole. Hata hakuniangalia."

Elihuruma aliegemea kaunta. "Saa ngapi hiyo?"

"Ngoja ni-check." Alichakura karatasi za mashine, akanyoosha moja. "Hii hapa. Saa kumi na dakika arobaini na tatu."

"Usiitupe hiyo."

"Kwani ni nini, mzee?"

"Protas aligongwa saa tisa na nusu. Alikata roho hospitali saa kumi na robo. Polisi walimpata dada yake kazini saa kumi na mbili na nusu. Sisi wengine tulisikia kuanzia hapo. Sasa niambie, saa kumi na dakika arobaini na tatu, huyo alikuwa kwenye msiba wa nani?"

Nkatha alijishika kifua. "Yesu wangu."

"Kulikuwa na msiba mwingine wa Mtanzania mwezi huu?"

"Mimi nauliza nani? Nyinyi ndio mnajua."

Hakukuwa na mwingine. Elihuruma alijua, kwa sababu misiba yote mitatu ya mwaka ule alikuwa amechimba theluji milangoni kwa wafiwa.

*

Hemed alikuwa kwenye foleni ya teksi karibu na uwanja wa ndege, kiti kimelala, anakula sambusa. Alikuwa mtu wa Pangani. Elihuruma hakusalimia. Alivua glavu, akapitisha ukucha juu ya ufa.

"Ndiyo," Hemed akasema, akishusha dirisha nusu. "Nilimkunja Protas shati. Na angekuwa hai ningemkunja tena, maana hajaniomba radhi. Lakini gari hili halijaua hata sungura."

"Ufa huu wa lini?"

"Wa Krismasi. Niliweka hita kwa nguvu, ukakimbia."

Ndani ya ufa kulikuwa na kijivu cha chumvi ya barabarani, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Chumvi haiingii hivyo kwa siku sita. Inaingia kwa wiki nyingi, ufa ukiwa wazi. Na mwisho wa ufa kulikuwa na kitundu kidogo cha drili, kimetobolewa kwa mkono uliotulia, cha kuuzuia usiendelee.

"Kwa nini ulichukua resini nyepesi?"

"Ufa mwembamba unataka nyepesi. Nzito haipiti. Afande vipi, umesahau kazi yako?"

"Nani alikufundisha kutoboa mwisho wa ufa?"

Hemed alifuta mafuta ya sambusa kwenye suruali. "Protas. Kabla hatujagombana."

"Jumamosi saa tisa na nusu?"

"Nilikuwa na abiria wa Woodbury, bibi mzungu na paka wake. Kampuni wameandika. Kapige simu, kisha urudi uniombe radhi wewe kwa niaba yake."

Elihuruma alipiga. Bibi alikuwepo, paka alikuwepo. Alirudi dirishani akaomba radhi. Hemed alimpa sambusa.

Kulibaki simu moja. Alimpigia Imelda, mke wa Gasto.

"Shemeji, naandika majina ya kushukuru. Waliofika kwanza Jumamosi. Mwenyekiti alifika saa ngapi?"

"Sisi habari tuliipata saa moja, Afande, tukaja wote saa mbili. Lakini siku ile jamani! Yeye alikuwa ametokea kwenye msiba mwingine."

"Kumbe?"

"Saa kumi na nusu, saa kumi na moja kasoro hivi, nilimpigia apitie maziwa. Akaniambia yuko kwenye msiba, atachelewa. Nikafikiri ni wa kazini kwake. Kufika saa moja, Protas naye. Misiba miwili siku moja, Afande, mtu anapata wapi nguvu?"

"Pole, shemeji."

"Asante. Uandike na jina la mama aliyelala na Brigitha, usisahau, yule wa Eden Prairie aliyeleta ndizi."

Akamwambia ataandika.

Brigitha alipoambiwa, kule karakana, alikaa juu ya debe la maji ya kusafishia vioo. Alikuwa hajamshuku Gasto hata mara moja wiki nzima. Gasto ndiye aliyemshika mkono hospitali.

"Nampigia polisi," Elihuruma akasema.

"Aje saa ngapi?"

"Sasa hivi."

"Hapana. Mwambie aje kesho saa tano. Gasto anakuja saa nne." Alihesabu kwa vidole. "Saa nne ya hapa ni saa moja ya jioni Rombo. Mwili utakuwa unangojwa, watu wamejaa uani. Na unajua nani anapika hapo tangu Jumapili? Mama yake Gasto. Shamba lao na letu limepakana. Amehamia jikoni kwetu na sufuria zake."

"Unataka nini, Brigitha?"

"Jina. Kutoka kwenye mdomo wake, liingie sikio la mama yake."

"Hiyo si kazi ya upelelezi."

"Miaka minne amekula na wewe mkate mmoja ndani ya gari lile. Niambie hutaki."

Elihuruma alimpigia polisi wa Richfield, akamwambia aje saa tano.

*

Jumamosi saa nne na dakika tano Toyota iliingia karakana. Elihuruma aliuacha mlango mkubwa wazi nyuma yake. Upepo ukaingia wote.

"Funga basi, Afande, tutakufa."

"Kioo kikipata joto ghafla kinapasuka. Tuvumilie."

Kwenye meza alikuwa ameshapanga vifaa kwa mstari: kishikizo cha vikombe vya mpira kinachong'ang'ania kioo, sindano ya chuma, kioo kidogo cha kutazamia kwa ndani, drili, wembe, taa ya mionzi, vipande vya plastiki. Mbele ya vyote, chupa tatu nyeusi.

"Mwenyekiti ni mhandisi," akasema. "Nisaidie kuchagua. Hii nyepesi kama maji. Hii ya kati, kama mafuta ya kupikia. Hii nzito, ni ya kufukia tundu la juu mwishoni. Kidonda chako ni cha duara. Ungechukua ipi?"

Gasto alicheka kidogo. "Fundi ni wewe."

"Chagua tu."

"Hiyo ya kati, labda."

"Labda. Na hao wa Woodbury, walichukua ipi?"

"Nitajuaje?"

"Mimi najua. Walichukua nyepesi. Tazama povu hili. Nyepesi kwenye duara inatiririka kabla haijashika, hewa inabaki. Fundi anayejua kazi hawezi. Shika wembe. Kwangua hapo juu ya tundu. Kwangua wewe, mikono yangu imeganda."

Gasto alikwangua. Kitu cheusi kikanata kwenye wembe.

"Inanata," Elihuruma akasema. "Wiki nzima bado inanata. Kwa sababu hakuna plastiki iliyowekwa juu, na hewa inaizuia kukauka. Fundi wa duka hasahau plastiki hata akiwa amelewa. Wanaitwaje hao watu wa Woodbury? Niwapigie wakurudie kazi."

"Sikumbuki jina."

"Bima yako ina karatasi. Bima ya huku inaziba vidonda vyote, hata kwenye maegesho wanakufuata. Tumpigie wakala wako?"

Gasto aliweka wembe mezani. "Sikupitisha bima. Nilifanya mwenyewe. Niliona aibu kukwambia, ndiyo hivyo. Kuna kosa?"

"Hakuna. Mwezi wa kumi na moja?"

"Mwezi wa kumi na moja."

Elihuruma aliwasha kurunzi, akaimulika pembeni ya kioo. "Miezi mitatu ya chumvi, na ndani ya kidonda ni safi kama macho ya mtoto. Hiki kilizibwa siku ileile kilipoumia, au kesho yake. Na katikati ya kidonda, mwenyekiti, jiwe linaacha tundu la duara. Tundu lako ni refu. Ni mstari. Kama ukucha."

Akaenda kwenye kona, akarudi na beleshi. Akaisogeza ile pembe iliyokunjika juu ya tundu, bila kugusa. Mstari na mstari.

"Mabeleshi mangapi mji huu?" Gasto akauliza. Sauti yake ya vikao ilikuwa imebaki nusu.

"Mengi. Lakini Nkatha wa University Avenue ni mmoja tu. Alikushauri uchukue ya kati, ukamkatalia. Karatasi ya mashine inasema saa kumi na dakika arobaini na tatu, Jumamosi ileile. Mkeo alikupigia uchukue maziwa. Ukamwambia uko kwenye msiba." Akalaza beleshi mezani. "Msiba wa nani, Gasto? Protas alikuwa hajatangazwa hata kwa dada yake."

Gasto alikaa kwenye debe. Mvuke ulikuwa unatoka mdomoni kwa haraka.

"Gari liliteleza," akasema. "Barafu. Nilikuwa nakuja kwenu mnibadilishie wipa. Nilikanyaga breki, haikushika. Naapa kwa Mungu, haikushika."

"Ulisimama."

"Nilishuka."

"Na?"

"Alikuwa anapumua."

"Alikuona?"

"Aliniita jina."

Elihuruma hakuandika kitu. Alichukua chupa moja ya resini, akaigeuza mkononi, akairudisha ilipokuwa.

"Usaili wangu wa uraia ulikuwa Alhamisi," Gasto akasema. "Miaka kumi na moja nimengoja. Nikasema nikikaa hapa, polisi, kesi, basi imekwisha. Nikasema mtu atapita. Barabara ile ina watu. Nikasema mtu atapita tu."

"Ulikwenda Alhamisi?"

"Nilikwenda."

"Ukafaulu?"

"Nimefaulu. Bado kuapa."

Mlango wa ofisi ulifunguliwa. Brigitha alitoka na simu, ile ya mezani yenye waya mrefu na spika. Akaiweka katikati ya chupa.

"Baba yuko hewani," akasema. "Na watu wote. Mwambie."

Kwenye spika kulikuwa na kelele za uani. Watu walikuwa wanaongea, mtu alikuwa anaita watoto watoke njiani, na vifuniko vya sufuria vilikuwa vinagongana.

Gasto alisimama. "Dada, niitie polisi. Niitie sasa hivi. Nitakiri, nitaandika chochote."

"Polisi anakuja saa tano. Hiyo ni ya Wamarekani. Hii ni ya kwetu."

"Mama yangu yuko hapo?"

"Anapika. Nimemwambia baba amsogeze karibu, mwenyekiti ana salamu."

"Brigitha. Nakupigia magoti. Mama ana presha."

"Na kaka yangu alikuwa na pumzi. Sema."

Gasto alimgeukia Elihuruma. "Afande. Wewe ni mtu wa sheria."

Elihuruma alitazama saa yake. Ilikuwa saa nne na dakika thelathini na nane. "Una dakika ishirini na mbili," akasema.

"Haloo?" Sauti ya mzee ilitoka kwenye spika, imechoka. "Gasto, mwanangu? Mama yako huyu hapa. Tunakusikia."

Gasto alishika meza kwa mikono miwili. "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Baba, gari lililomgonga Protas ni langu. Nilikuwa naendesha mimi. Nilimwacha."

Vifuniko viliacha kugongana. Kule uani mtu mmoja aliuliza, "Kasema nani?" na mwingine akamnyamazisha.

Mzee akasema, taratibu, kama mtu anayeelekeza njia, "Rudia. Watu wa nyuma hawajasikia."

Gasto akarudia. Safari hii alisema na jina lake lote, la kwake na la baba yake. Kabla hajamaliza kulisikika mwanamke akisema "Yesu, Yesu, Yesu," chini chini, na sauti hiyo ikawa inasogea mbali na simu.

Brigitha alikata. Akachukua karatasi ya wasifu kwenye mkoba, akaweka kalamu juu yake. "Sahihisha," akasema. "Mwandiko wako."

Gasto alikuwa bado anaandika polisi alipoingia.

*

Polisi alimgombeza Elihuruma kwa kuacha ushahidi ukwanguliwe kwa wembe, na hakimu akakataa kukitumia kile kioo. Haikuwa na maana, kwa sababu Gasto alikiri mwenyewe, na karatasi ya Nkatha ilikuwepo. Alifungwa kwa kumgonga mtu na kukimbia. Kiapo cha uraia hakukila. Alirudishwa Tanzania mwaka 2009, akashukia Dar es Salaam, akafanya kazi Kibaha kwenye kiwanda cha matofali. Rombo hakufika.

Mama yake aliondoka msibani jioni ileile kwa miguu, akaacha sufuria zake. Alihamia kwa binti yake Singida. Shamba liliuzwa kwa mtu wa Mwika.

Protas alizikwa Jumatatu. Wasifu ulisomwa wote. Baba yake alikufa mwaka uliofuata.

Imelda hakusema na Elihuruma tena. Alisikia kwa mwendesha mashtaka kwamba habari ya maziwa ilitoka kwake. Aliwahamishia watoto Woodbury, akabadilisha kanisa, na watoto siku hizi wanaelewa Kiswahili lakini wanajibu kwa Kiingereza.

Nkatha alifunga duka mwaka 2008, akafungua jingine Dallas. Hemed bado anaendesha teksi.

Brigitha aliacha kwenda kwenye misiba ya Watanzania. Kamati ilimwandikia barua mara mbili kumuuliza sababu, hakujibu. Alipandishwa cheo, anafanya zamu ya mchana.

Elihuruma aliuza vifaa vyote kwa fundi mmoja wa Ekwado, akafunga karakana mwezi wa tano. Alikaa Fargo kidogo, halafu Omaha. Kule anaosha mabasi.